Tanuri Lisipoe

Kiwandani, 3 Machi

Mama watoto,

Shuleni tulifundishwa barua ianze kwa kusema mimi ni mzima wa afya. Haya, mimi ni mzima, ukiondoa kope za jicho la kushoto, ambazo ziliungua jana nilipochungulia kwenye tundu la tanuri bila miwani. Profesa, mwenzangu wa hapa tanurini, anasema nimependeza. Yeye mwenyewe hana nyusi tangu mwaka juzi.

Siku ile mnaondoka ulitaka kuniuliza jambo ukalimeza, kwa sababu Mama alikuwa ameshaniuliza yeye, tena kwa sauti ya kusikika na kila aliyekuwa kwenye lori. Ngoja nieleze taratibu, na wewe umsomee. Kiwanda kimefungwa, hilo mnalijua. Mafuta hayapatikani, wenye soda hawanunui chupa, na watu mia tatu wameambiwa wakasubiri majumbani. Lakini tanuri halifungwi kama duka. Ndani yake kuna kioo kilichoyeyuka, tani kwa tani. Kikipoa kinaganda humo humo, kinapasua matofali, na kiwanda ndiyo basi tena. Nani atajenga tanuri jipya kwa hali hii? Kwa hiyo tumebaki wanne wa kulitia mafuta kidogo kidogo, lisiwake sana na lisipoe. Hatulipwi. Tunapewa mlo mmoja kwa siku, na ahadi kwamba mafuta yakija sisi ndio wa kwanza kurudi kazini, na nyuma yetu wale wote mia tatu. Tunalala hapo hapo pembeni ya tanuri, vifua wazi, jasho linatiririka.

Mama alisema tanuri lilimla baba na sasa linanila mimi, akapanda lori bila kuniaga. Mwambie imeniuma. Mwambie pia sikukasirika.

Chumba chetu nimekirudisha. Nyumba za kiwanda zimekatwa umeme na kuna watu wanang'oa vitasa vya milango wakauze. Mlifanya vizuri kuondoka mapema.

Dereva wa lori la magunia hupita huko kila baada ya wiki mbili tatu, kwa hiyo yeye ndiye posta yetu. Akifika mpe maji ya kunywa, na akikuambia nimekonda usimwamini.

Mumeo


Nyumbani kwa Mama, 14 Machi

Baba watoto,

Dereva amesema umekonda. Nimemwamini.

Tumefika salama. Nyumba ni ile ile, vyumba viwili, na bati la jikoni limeliwa na kutu mpaka unaona mawingu. Nilidhani nitapata nguo za watu za kufua. Kumbe wafuaji ni wengi kuliko nguo, maana hata wake wa watu wa kiwanda cha nguo nao wamerudi kwao na kila mmoja ana beseni. Nimepata kibarua kwenye mashine ya kusaga. Jioni wakifunga nafagia sakafu, na unga ninaoufagia ni wangu. Nauchekecha mara tatu kwa kitambaa na bado mchanga unabaki. Binti yetu mkubwa anatafuna huku amefumba macho. Mdogo analia waziwazi. Juzi Mama akawaambia, "Kuleni, wajukuu zangu. Baba yenu anachukua mchanga anatoa chupa. Na nyinyi mkishiba vizuri tutaona mtatoa nini." Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza tumepata nini.

Barua yako nilimsomea yote. Nilipomuuliza nimjibu nini, akasema hana maneno ya kumwambia mtu aliyeoa tanuri. Nikaweka kalamu chini. Ndipo akasema andika. Naandika kama alivyotamka:

"Wewe mtoto. Baba yako alikaa na hilo dude miaka thelathini, na siku ya mazishi yake meneja hakutoka hata garini. Sikukuzaa uje kulinda moto wa watu. Miguu yangu imevimba, lakini usijitie kuulizauliza, ni uzee tu. Na uvae miwani."

Kuhusu miguu, uzee haumvimbishi mtu hivyo kwa wiki moja tu. Akipanda ngazi mbili za mlangoni anasimama kupumua. Nilitaka ulisikie kutoka kwangu.

Mkeo


Kiwandani, 6 Aprili

Mama watoto,

Sasa tuko watatu. Kijiko ameondoka. Mkewe amejifungua, na amesema mtoto hawezi kunyonya ahadi. Sikumlaumu. Profesa alimlaumu kwa niaba yetu sote, halafu akampa shati lake la pili amfunikie mtoto.

Mafuta yanayokuja ni kidogo, kwa hiyo tunachanganya na mafuta machafu tunayoomba kwenye magereji. Moshi wake ni mweusi, tunakohoa mpaka tumbo linauma. Ukichungulia ndani, kioo kikiwa na rangi ya kiini cha yai tunakaa tukapiga soga. Kikianza kuelekea rangi ya tofali, hapo hakuna soga. Wiki iliyopita kilifika kwenye tofali mara mbili na tukakirudisha. Nilikumbuka namna baba alivyokuwa anaondoka nyumbani katikati ya chakula, bila kunawa, mtu akija kumwambia tu kwamba rangi imebadilika.

Mwambie Mama miwani navaa. Na mwambie sitaki kurudi mikono mitupu nikakaa kwenye mkeka wake nikila unga wa kufagiwa na mke wangu. Nikirudi, nirudi nina kazi na nina kitu mkononi. Miguu yake aiweke juu ya mto akilala.

Mumeo


Nyumbani kwa Mama, 5 Mei

Baba watoto,

Leo sina utani. Mama ni mgonjwa. Si miguu peke yake, maji yamepanda mpaka tumboni na hawezi kulala chali, tunamwegemeza ukutani kwa mito na magunia. Daktari wa zahanati anasema ni moyo. Dawa aliyoandika hawana, na dukani ipo ila tunaiangalia tu kupitia kioo. Nimemuuliza daktari atapona lini. Akaniuliza, watoto wake wako wapi? Nikamwambia ni mmoja tu. Akasema aitwe.

Ndiyo nakuita. Siombi pesa, naomba uje. Hata siku mbili, akuone, mzungumze, urudi kwenye tanuri lako. Mko watatu. Wawili hawawezi kushika siku mbili?

Yeye mwenyewe hajasema nikuite. Unamjua. Lakini jana alimwita binti yetu mdogo kwa jina lako la utotoni, na alipogundua alikasirika akasema tunampigia kelele.

Njoo, baba watoto.

Mkeo


Kiwandani, 16 Mei

Mama watoto,

Barua yako nimeisoma mara nne na kila mara nilitumaini ina maneno mengine.

Siwezi kuja sasa. Nisikilize kabla hujakasirika. Tumebaki wawili, Profesa na mimi. Mtu mmoja hawezi kutia mafuta mchana na usiku. Nikiondoka siku mbili likapoa, sijaharibu ya kwangu tu. Kuna watu mia tatu huko nje wanaosubiri king'ora kilie. Juzi getini alikuja mama mmoja wa idara ya kupanga chupa, uliwahi kukaa naye zamu moja, yule mrefu mwenye mwanya. Hakuomba kitu. Aliuliza tu, "Bado linawaka?" Nikamjibu linawaka. Akashukuru akaenda zake. Wanakuja hivyo kila siku. Sasa niwaambie nini?

Ndani ya bahasha kuna pesa kidogo, wametutolea posho. Mnunulie Mama dawa zote alizoandikiwa. Mwambie mwisho wa mwezi ujao, Mungu akipenda, nitakuwa hapo. Avumilie kidogo tu.

Kama dereva ana nafasi, nitumie lile blanketi zito la kahawia. Siku hizi baridi inaingia mpaka kwenye mifupa.

Mumeo


Nyumbani kwa Mama, 24 Mei

Baba watoto,

Pesa imefika na dawa nimenunua. Siku mbili hizi amepata nafuu kidogo, amekunywa uji na amemgombeza jirani.

Nilimsomea barua yako kitandani. Ile habari ya watu mia tatu aliisikiliza ametulia. Nilipofika kwenye blanketi akaniambia, "Rudia hapo." Nikarudia. Akauliza, "Ameandika hivyo hivyo?" Nikasema hivyo hivyo, Mama. Akageuza uso ukutani. Nikadhani usingizi umemchukua, nikaendelea kuchekecha unga wangu.

Baadaye akauliza lile blanketi liko wapi. Ilinibidi niseme ukweli, na wewe nakuambia sasa, la kahawia nililiuza mwezi uliopita. Samahani. Basi akaanza kuvuta lake alilojifunika. Nilimkatalia, nikamwambia, "Wewe ni mgonjwa, na yeye yuko mbele ya moto." Alinitolea macho yale ya zamani, ya kabla hajaugua, nikaliachia. Kwa hiyo hilo analokuletea dereva ni la Mama.

Amesema niandike hivi:

"Mwanangu. Jifunike vizuri. Usione haya. Kila mtu kazi humwisha mikononi, hata baba yako. Kazi ikikuruhusu, njoo. Na isipokuruhusu, njoo vilevile."

Sijui haya ya nini, nimeandika alivyosema. Nilipomuuliza akaniambia niangalie chungu changu.

Mkeo


Kiwandani, 8 Juni

Mama watoto,

Blanketi limenifikia. Lina harufu ya ile dawa yake ya kuchua. Nililiweka usoni mbele ya Profesa na wala sikujali atasema nini.

"Mwanangu." Hilo neno mara ya mwisho aliniita nikiwa nina homa, darasa la tatu. Ina maana amenisamehe, au siyo? Nimefurahi na nimeumia, vyote pamoja. Mwambie nimesikia. Mwambie anipe wiki tatu tu. Meneja amepiga simu, anasema meli ya mafuta imeshaonekana. Tanuri linaendelea vizuri, rangi ni nzuri, ya kiini cha yai kabisa. Nikija nitakuja na kitu mkononi, nitampeleka hospitali kubwa mimi mwenyewe, mgongoni ikibidi.

Nieleze anavyoendelea. Nieleze yote, usinifiche.

Mumeo


Nyumbani kwa Mama, 17 Juni

Baba watoto,

Hapa hatujambo. Mama hana maumivu tena. Anakushukuru sana kwa pesa za dawa. Anasema ufanye kazi yako kwa amani, usiwe na wasiwasi juu yake.

Watoto wazima. Mwenye mashine ametupa gunia la unga, unga safi, si wa kufagia. Leo siandiki mengi, mkono unaniuma.

Mkeo


Kiwandani, 27 Juni

Mama watoto,

Barua hii isome kwanza peke yako. Ukimaliza, umsomee Mama polepole, akiwa ameshakunywa dawa.

Mama amenishukuru. Tangu nizaliwe hajawahi kunishukuru. Nilipomletea mshahara wangu wa kwanza aliniuliza mbona bahasha imekunjwa. Sasa ananishukuru na kuniambia nifanye kazi kwa amani, na mimi nimekaa na hiyo karatasi siku mbili. Siwezi kuendelea kumdanganya mtu anayeniombea amani.

Tanuri lilizimika tarehe 29 Aprili, saa tisa alasiri.

Tulikaa siku tatu bila tone la mafuta. Tulichoma mbao za kubebea chupa, tukachoma milango ya stoo, mwisho tukachoma meza ya meneja. Rangi ikafika kwenye tofali, ikapita tofali, ikawa nyeusi nyeusi. Halafu tukaanza kusikia matofali yanapasuka ndani, moja moja. Profesa aliziba masikio. Yule wa tatu alichukua mfuko wake akaondoka bila kuaga. Mimi nilikaa hapo mpaka ukuta ukawa unashikika kwa mkono mtupu, kitu ambacho sijawahi kukiona tangu niajiriwe.

Baada ya wiki akaja mnunuzi wa chuma chakavu. Anataka fremu ya tanuri, na hawezi kuipata mpaka kioo kilichoganda kitolewe. Akauliza nani anakijua. Ndiyo kazi tunayofanya, Profesa na mimi, tangu mwanzo wa Mei. Tunaingia ndani ya tanuri na nyundo tunakivunja. Ni cha kijani, kigumu kama jiwe, na humo ndani kuna baridi ya kaburini. Posho niliyokutumia ilitoka huko. Hakuna meli. Meneja hajapiga simu. Yule mama wa getini anakuja bado, na bado namwambia linawaka, kwa sababu sijui neno lingine.

Uliponiita sikuwa na tanuri la kuliacha. Niliona haya, basi. Nilimwona Mama kichwani mwangu, amesimama mlangoni ananiambia, "Si nilikuambia?" na mimi sina hata shati zima. Nikasema nisubiri kidogo, nivunje kidogo, nipate chochote cha kushika mkononi. Wiki ikazaa wiki.

Lori likija tena tutakuwa tumemaliza, na nakuja nalo. Mwambie Mama asinishukuru. Mwambie ajiandae kunitukana vizuri, tangu utotoni mpaka leo, asiruke hata moja. Nitasimama hapo mlangoni mpaka amalize.

Mumeo


Nyumbani kwa Mama, 5 Julai

Baba watoto,

Mama alifariki tarehe 31 Mei, asubuhi. Tulimzika siku iliyofuata. Lile gunia la unga lilikuwa la msiba.

Maneno ya tarehe 17 Juni si yake, niliyatunga mimi. Wewe ulihisi kwamba Mama hashukuru hivyo, na hukuelewa kwa nini. Nilikaa na kalamu asubuhi nzima. Barua yako ilikuwa imeniambia kuna watu mia tatu na wanaume wawili. Nikajiambia, nikimwambia leo ataacha kila kitu atakuja, na hatamkuta, na moto utakuwa umezimika kwa ajili ya kaburi. Nikasema ngoja mafuta yafike kwanza. Niliona ninakusaidia. Nilimwandikia marehemu salamu kwa mkono wangu ili tanuri lako lisipoe, na tanuri lilikuwa limekufa kabla yake.

Kuanzia 29 Aprili hadi 31 Mei. Lori lile lile lililoleta barua yako ya kukataa, kama ungepanda, ungemkuta amekaa kitandani anamgombeza jirani.

Nimekukasirikia sana. Nilivunja sahani, na zimebaki tatu. Halafu nikajikasirikia na mimi, maana sasa nimelielewa blanketi. Mtu anayelala kifua wazi mbele ya tanuri hawezi kuomba blanketi. Mimi nimeolewa na mtu wa tanuri miaka tisa, nikasoma mstari ule kwa mdomo wangu mara mbili na sikuona kitu. Yeye alijua pale pale, kwa mstari mmoja. Na hakuniambia hata mimi. Alikusitiri mbele ya mkeo, akakupa na blanketi lake, akakuachia useme mwenyewe.

Aliishi wiki moja baada ya hapo. Kila lori lilipopunguza mwendo barabarani alinituma nikaangalie. Nilitoka kila mara, na kila mara nilirudi nikimwambia bado, Mama, kazi haijamruhusu. Aliniangalia tu. Asubuhi ya mwisho hakunituma. Aliinua kichwa, akasikiliza, lori likapita, akakilaza tena.

Njoo. Watoto wanajua unakuja. Mlangoni hakuna wa kukutukana. Utanikuta mimi, na mimi sijui nitakuambia nini.

Mkeo